Mfuko wa Kilo Tano Wenye Sura ya Mama Mkwe

Sehemu ya tano

Nawashukuru wote mlionipigia simu baada ya sehemu iliyopita, hata mlionitukana. Yule mama wa Mngeta aliyeniuliza kama nilizaliwa hivi au niliangushwa nikiwa mchanga, jibu ni kwamba mama yangu mzazi naye huwa anajiuliza.

Kwa aliyechelewa: naitwa Fridolin, mkazi wa Ifakara, mjasiriamali. Nilifuga kware, wakafa. Nililima matikiti, kwenye karatasi nikawa tajiri, shambani yakaja maji ya mto yakayabeba yote. Safari hii nimeingia kwenye mchele wa kufungasha. Mama mkwe wangu anaishi Mchombe, na mpunga wake wa supa unajulikana bonde zima kwa kunukia. Alinipa magunia kumi na tano, nikakoboe, nifunge vizuri, niuze, tugawane. Mke wangu Kandida akatoa cherehani yake tukaiuza, tukapata hela ya mifuko. Nami, kwa akili zangu timamu, nikachapisha mifuko mia tano yenye picha ya mama mkwe na jina lake kwa herufi kubwa.

Yeye mwenyewe sikumwambia.

Najua mnachotaka kuuliza. Kila mama sokoni akinunua supa huuliza, "Ni wa yule wa Mchombe?" Jina lilikuwa na wateja tayari. Kilichokosekana ni ruhusa, na mimi nikaona ruhusa ni kitu cha kutafuta baadaye, faida ikishapatikana.

Sasa, kwetu sisi tuliotokea upande wa Mahenge, mwanamume hataji jina la mama mkwe wake. Hakai alipokaa yeye, wala hamkodolei macho. Miaka kumi na moja ya ndoa nimemwita "mama", nimemwita "bibi wa watoto", na nikibanwa sana, "yule wa Mchombe". Hata humu gazetini silitaji. Mtalisikia kwenye midomo ya wengine.

Kwa hiyo mimi ndiye mfanyabiashara wa kwanza Ifakara kufungua biashara asiyoweza kuitaja.

Jumatatu asubuhi nilikwenda na mfuko mmoja dukani kwa Mzee Makame, pale magari ya Mchombe yanaposhusha na kupakia abiria. Babu yake alikuja huku kutoka pwani akiuza vitambaa, na duka limekuwa hapo tangu hapo. Mzee akikubali bidhaa yako, mji mzima umeikubali.

"Shikamoo, Mzee Makame."

"Marahaba. Umeniletea nini tena? Kama ni kware, rudi nao."

Nikaweka mfuko mezani. Akavaa miwani, akaugeuza, akaubonyeza.

"Mchele wa wapi huu?"

"Mchombe, mzee."

"Unaitwaje?"

Nikausogeza mfuko karibu naye.

"Fridolin, nakuuliza chapa yako inaitwaje."

"Imeandikwa hapo, mzee."

"Naona imeandikwa. Mteja akikupigia simu utamjibu imeandikwa?"

"Mzee, mimi hilo jina silitamki. Ni la mkwe wangu."

Mzee Makame alivua miwani. Amekaa na sisi umri wake wote, mila zetu anazijua. Alicheka mpaka binti yake Nadhira akatoka stoo kuona kuna nini.

"Nadhira, njoo umwone mtu. Hebu msomee chapa yake, mwenyewe hawezi."

Nadhira akasoma kwa sauti: "Sikitu Supa. Mchele Halisi wa Mchombe." Akanitazama. "Jina zuri, kaka Fridolin. Na mama mwenyewe mzuri."

Mimi nikawa natazama dari.

Nadhira akapika kikombe kimoja palepale kwenye jiko la nyuma. Harufu ilipofika mbele, wateja wawili waliokuwa wanabishana bei ya sabuni wakaacha ubishi, wakageuza shingo. Mzee Makame akala vijiko viwili, akaifuta midomo yake.

"Nataka mifuko mia mbili. Iwe hapa Jumamosi asubuhi, siku watu wamejaa. Ikienda vizuri, kila mwezi utaniletea. Lakini sikiliza, mwanangu. Mimi siuzi mchele, nauza neno langu. Mwaka jana kuna mtu aliniletea mchele umechanganywa, wateja wakaurudisha umeshapikwa, na masufuria yao. Huu ni supa mtupu?"

"Supa mtupu, mzee."

Na mniamini, siku ile nilikuwa nasema kweli. Ule mfuko mmoja ulikuwa safi kabisa.

Nilitoka pale nikitembea kama diwani. Nikaenda moja kwa moja mashineni kukoboa.

Hapa inabidi nikiri ujinga wangu wa kwanza wa wiki. Nilipokuwa napiga hesabu kwenye karatasi nilihesabu magunia ya mpunga. Nikasahau kwamba mpunga una maganda. Mimi, mtoto wa Kilombero, niliyekulia juu ya lundo la pumba, nilisahau pumba. Mashine ilipomaliza kunguruma, mchele ulitosha mifuko mia moja sitini na tano. Pumba zilitosha kujaza chumba.

"Zile pumba nazo ni zako, chukua," yule wa mashine akaniambia kwa huruma.

Mtu mwenye akili angerudi kwa Mzee Makame akasema, "Mzee, nina mifuko mia moja sitini na tano, iliyobaki msimu ujao." Mzee angekubali. Najua angekubali, kwa sababu baadaye aliniambia mwenyewe, na siku hiyo hakuwa anacheka.

Mwizi aliyefuzu angejaza ile mifuko thelathini na tano kwa mchele mwingine, akaiweka chini kabisa ya lundo.

Mimi sikuwa na akili, na wizi nao sikuufuzu. Nilikwenda Katindiuka, nikanunua mchele wa saro, ile mbegu inayozaa sana lakini hata ukiipika siku nzima jirani hajui kama unapika. Nikarudi, nikatandika turubai, nikamwaga saro juu ya supa. Kisha nikachukua koleo nikachanganya wote kwa pamoja, vizuri kabisa, ili kila mteja apate haki sawa.

Yaani badala ya kuharibu mifuko thelathini na tano, niliharibu mia mbili. Na nilitoka jasho kuifanya hiyo kazi.

Nikiwa nafuta koleo, Kandida akatokea na mizani ya kuazima. Akasimama ukingoni mwa turubai.

"Mbona mwingi hivi? Mimi nilidhani hautatosha."

"Mama yako ana mkono wa baraka," nikasema.

Kandida akafurahi. Akafurahi kweli, akavua kandambili, akapiga magoti pembeni ya turubai akaanza kupima na kufunga huku akiimba nyimbo za kwaya. Kila mfuko aliofunga aliupangusa vumbi kwa ncha ya khanga, pale penye uso wa mama yake. Niliona aibu. Nilitaka kumwambia. Lakini alikuwa hajaimba tangu kware walipokufa, nikajiambia ngoja amalize wimbo huu. Akamaliza akaanza mwingine.

Alhamisi nikaitwa na Twalib. Huyu ni kijana wa stesheneri aliyenichapishia mifuko, na ndiye mwenye gari la matangazo, lile lenye spika mbili juu. Mzee Makame alikuwa ameagiza tangazo.

"Oya, Fridolin, mzee anataka sauti yako mwenyewe," Twalib akasema. "Watu wanaamini mwenye mali akiongea. Sema: Mimi Fridolin, nyumbani kwangu hatuli kitu kingine, ni Sikitu tu."

"Hilo neno la mwisho silisemi."

"Ndiyo tangazo lenyewe hilo, kaka!"

"Sema wewe. Mimi nitasema yaliyobaki, pale kwenye jina naacha nafasi, utaziba unavyojua."

Akanipiga begani. "Poa. Acha nafasi. Mambo ya siku hizi hayashindikani."

Nikaongea kwenye simu yake dakika mbili, nikaruka jina kila lilipofika, nikaondoka nikiwa mtu safi. Mila nimezishika, na tangazo limepatikana. Sikujua kwamba siku hizi ukimpa mtu dakika mbili za sauti yako, simu yake inaweza kuikamilisha sauti hiyo ikasema hata usichothubutu kusema mbele ya padri.

Ijumaa jioni tuko mezani. Kandida akaniambia, kama mtu anayezungumzia mvua:

"Mama amepiga simu. Kesho anakuja, anafika saa saba mchana. Anataka kuona mchele wake unavyopokelewa."

Tonge likanikwama. Kandida akanipigapiga mgongoni, kisha mkono ukasimama.

"Fridolin. Ile mifuko. Uliniambia umemtuma mjomba Anselim akamwombe mama ruhusa."

"Nilikuwa karibu kumtuma."

"Karibu?"

"Nilikuwa natafuta siku nzuri."

Alirudi akakaa kwenye kiti chake. Hakupiga kelele. Kandida akipiga kelele ujue umesamehewa nusu. Safari hii aliongea polepole.

"Kware nilinyamaza. Matikiti nilinyamaza. Cherehani yangu nimeitoa kwa mkono wangu, nikijua mama amekubali. Sasa nakuambia mara moja tu. Hii nayo ikiingia doa, mama akipanda gari la kurudi Mchombe, na mimi ninapanda."

Usingizi wa usiku ule msiniulize. Nilipanga mpango. Mchele uuzwe asubuhi na mapema, uishe. Saa sita na nusu nikampokee mama mkwe njiani kabla gari halijafika kwa Mzee Makame, nimzungushe kwa bajaji mpaka nyumbani, apate kuku, apumzike. Jioni mjomba Anselim aje na maneno yake ya wazee. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Mambo yangu yote kwenye karatasi huwa mazuri.

Jumamosi saa tatu tulikuwa tumeshapanga mifuko mbele ya duka. Kandida nyuma ya meza, khanga mpya, anauza. Watu wanapanga foleni. Kufika saa nne mifuko arobaini ilikuwa imeshaondoka, mingine kwenye vibebeo vya baiskeli, mingine vichwani. Mzee Makame akanipa mkono. Nadhira akaniletea soda. Mimi nikakaa juu ya lundo la mifuko, nikakunja nne, nikanywa soda yangu kama mtu aliyeyashinda maisha.

Ndipo gari la Twalib likaingia barabarani, na sauti yangu ikawa inatoka angani.

"Mimi Fridolin! Nyumbani kwangu hatuli kitu kingine, ni Sikitu tu! Kama hujala Sikitu, umekula nini? Nimetembea Morogoro, nimetembea Dar, sijaona wa kumfikia Sikitu! Jioni ya leo, mpike Sikitu!"

Ilikuwa sauti yangu. Hata kile kikohozi changu kidogo kilikuwepo. Na jina lilitoka wazi, kwa mapenzi, mara nne.

Wateja wa kutoka mbali walicheka tu. Lakini wamama wa kwetu waliokuwa kwenye foleni walishika midomo. Mmoja akamwambia mwenzake, "Si ni mkwe wake yule? Mungu wangu, anasema apikwe!"

Nikaruka kutoka kwenye lundo nilikimbilie gari. Sikufika. Mbele yangu ilikuwa imesimama Noah ya kutoka Mchombe, mlango wazi, na pembeni yake mwanamke mwenye kitenge cha kijani na kikapu cha kuku. Alikuwa amewahi gari la kwanza.

Mama mkwe alitazama gari la spika likipotea kwenye kona. Akatazama lundo la mifuko. Nyuso zake zote zilikuwa zinamwangalia, na ule mfuko wa juu kabisa ulikuwa bado umebonyea mahali nilipokuwa nimekaa.

Nikachuchumaa palepale vumbini. "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Mambo yakiwa mazito, mama mkwe wangu haongei nami, huongea na Kandida hata kama nimesimama katikati yao.

"Kandida," akasema, "muulize mumeo, mimi nimekufa lini?"

Kandida akafunika uso.

"Nashuka kwenye gari, nasikia jina langu kwenye spika. Hapa mjini gari la spika likimtaja mtu anayetoka kijijini, ni msiba. Nikajitazama miguu, naiona. Nikamshika kuku, analia. Nikasema basi, labda nimekufa ila hawajaniambia."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi nilikuwa nahesabu kokoto za chini.

Akausogelea mfuko, akainama, akausoma uso wake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Picha hii si ya siku ya komunyo ya mjukuu? Mbona kitenge hamkuniambia kimekaa upande?"

Hapo kikatokea kitu ambacho sikukipanga, ndiyo maana kilikuwa kizuri. Mama mmoja kwenye foleni alimtazama, akautazama mfuko, akapiga kigelegele. "Ni yeye! Jamani, mwenye supa wa Mchombe ni huyu hapa! Mama, nipe mfuko wa mkono wako!" Foleni nzima ikamgeukia. Shikamoo zikamiminika. Mzee Makame mwenyewe akatoka na kiti, akakipangusa kwa kanzu, akamkaribisha kama mgeni wa heshima. Nikamwona mama mkwe anainyoosha shingo kidogo. Akalitengeneza lemba lake.

"Kandida, mwambie mumeo, hilo la jina tutalimaliza nyumbani. Atatoa kuku mweupe na kitenge, wazee waongee, yaishe. Ni mpumbavu, lakini kumbe upumbavu wake umenipendezesha."

Moyo wangu ukarudi mahali pake. Kandida akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana jioni, na pembeni ya mdomo wake kulikuwa na kitu kama tabasamu. Naapa, ndugu wasomaji, hadithi hii ingeishia hapo ningekuwa nawaandikia nikiwa kwenye nyumba ya vigae.

Mama mkwe akasema, "Hebu nifungulieni mmoja nione jasho langu limekuwaje."

Nadhira akakata mfuko kwa mkasi. Mama mkwe akatumbukiza mkono, akatoa mchele kiganjani, akaunusa. Akaweka punje chache mdomoni, akatafuna kwa meno ya mbele kama wanavyofanya wakulima.

Akaacha kutafuna.

"Fungua mwingine."

Nadhira akafungua. Akanusa, akatafuna.

"Wa chini kabisa."

Wa chini kabisa nao ukafunguliwa. Kama nilivyowaambia, nilichanganya kwa haki. Hakuna mfuko uliopunjwa.

Mama mkwe akaziweka punje kwenye kiganja, akaanza kuzitenga kwa kidole, ndefu huku, fupi huku. Kisha akainua macho, akanitazama usoni, kitu ambacho hajakifanya kwa miaka kumi na moja. Na hakupitia kwa Kandida.

"Fridolin."

"Naam, mama."

"Huyu kwenye picha ni mimi. Huyu ndani ya mfuko ni nani?"

Mdomo wangu ukaanza kazi kabla ya akili. "Mama, labda kule mashineni, unajua mashine inakoboa mpunga wa watu wengi, huwa unabaki wa mtu mwingine kwenye..."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," Mzee Makame akasema nyuma yangu. Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa imechoka. "Na mifuko arobaini imeshaondoka hapa na neno langu ndani yake. Saa hizi iko jikoni."

Nilimtazama Kandida. Nilimwona anakumbuka. Turubai, mkono wa baraka, nyimbo za kwaya. Lile tabasamu likaondoka, na hakuna kitu kilichochukua nafasi yake, hata hasira. Akavua mkoba wa hela za mauzo, akauweka mezani taratibu mbele ya Nadhira. Akachukua kikapu cha mama yake.

"Mlifanya jambo zuri kunitangaza," mama mkwe akasema. "Watu wameniheshimu leo kuliko siku zote. Wameniheshimu kwa kitu ambacho si changu. Miaka thelathini nachagua mbegu punje kwa punje, sijawahi kuchanganya hata nilipolala njaa. Wewe umenichanganya kwa siku moja. Mwite yule wa gari arudi."

Twalib alirudi, gari akalisimamisha mbele ya duka, akashuka anacheka. Alipotuona akaacha kucheka.

"Jina langu limetembea mji mzima kwa sauti yako," mama mkwe akaniambia. "Ukweli nao utembee kwa sauti hiyohiyo."

"Mama, ile haikuwa sauti yangu, ni simu ya Twalib..."

"Leo itakuwa yako."

Twalib akanipa kipaza sauti. Akainama sikioni mwangu, akaninong'oneza, "Oya, usijiue. Sema mashine ilikosea, tutawarudishia hela, yaishe. Nani atajua?"

Alikuwa anasema kweli. Yule wa mashine hakuwepo kujitetea. Ningemtupia pumba zake zote, watu wangeguna, kesho wangesahau. Mzee Makame pengine angenipa nafasi nyingine. Mama mkwe ndiye angejua. Na Kandida.

"Mama," nikasema, "hata nikitaka, mimi jina lako silitamki. Unajua mila."

"Umeliandika mara mia tano, umelikalia, umelitia saro. Bado tu la kutamka ndilo unaloliheshimu?" Akapangusa viganja vyake, punje zikaanguka. "Nimekufungulia. Litaje leo mbele za watu, halafu waambie kilichomo."

Nyuma yake Noah ilikuwa imeshageuza. Kondakta anaita, "Mchombe, Mngeta, Mlimba, wawili tu tunaondoka!" Kandida amesimama mlangoni mwa gari, kikapu mkononi, mguu mmoja umeshapanda. Hakunikazia macho. Alikuwa anatazama spika juu ya gari la Twalib, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani yasomwe.

Nikabonyeza kipaza sauti. Kikapiga mluzi, watu wakaziba masikio, wengine wakatoka sokoni kuja kuona. Kuku akalia kwenye kikapu. Nikakishika kwa mikono miwili, mimi mwanaume mzima, baba wa watoto wawili.

"Sikitu," nikasema.

Lilitoka kubwa kuliko nilivyotegemea. Likapita juu ya mabati ya soko, likaenda, na Ifakara yote ikageuka kusikia kilichomo.